Kukanyaga tena: mguu uliovunjika kwa ajali ya bodaboda

Kwa miezi saba nilisalimiwa kwa swali moja. Mama muuza dagaa wa pale Mabatini, hapa Mwanza, konda wa daladala ya Buhongwa, wazee wa kanisani, kila aliyeniona na magongo alitanguliza pole kisha akauliza: "Mwalimu, umeshaunga?" Waliuliza kwa huruma ya kweli, nami nilijibu "naendelea vizuri" kwa kukosa jibu lingine. Swali hilo linachukulia kwamba kuunga ni tukio la siku moja: jana bado, leo tayari. Linachukulia pia kwamba kile chuma nilichowekewa ndicho kinachounga. Yote mawili si kweli, na wodini nimelala jirani na watu waliopoteza mwaka mzima wa kazi kwa kuyaamini, na mmoja aliyepoteza mguu.

Mimi nilikuwa abiria. Gari dogo lilikata kona ghafla mbele yetu maeneo ya Nyakato, muundi wangu wa kulia ukabanwa kati ya pikipiki na bampa. Ndivyo miguu mingi inavyovunjika kwenye bodaboda, kwa sababu hakuna bodi ya kuikinga. Na muundi ni mahali pabaya pa kuvunjika. Pitisha kidole kwa mbele kuanzia gotini kwenda chini: mfupa huo unaougusa, ugoko, umefunikwa na ngozi tu, hauna nyama juu yake. Mfupa wa paja umezungukwa na misuli minene pande zote, na misuli husaidia sana kuuletea mfupa damu ya kuponea. Ndiyo maana ugoko ukivunjika ni rahisi kutoboa ngozi na kutokeza nje, na ndiyo maana huchelewa kuunga, hasa ukivunjika theluthi ya chini, karibu na kifundo. Paja nalo lina hatari yake. Mtu anaweza kupoteza lita moja hadi moja na nusu ya damu ndani ya paja lake bila hata tone kuonekana nje, kwa hiyo aliyevunjika paja asichukuliwe kama aliyeteguka.

Saa za mwanzo

Aliyevunjika mguu asipakizwe mshikaki kwenye bodaboda nyingine huku mguu unaning'inia. Kila mara mfupa unapocheza, ncha zake zinakata misuli na mishipa iliyosalimika kwenye ajali yenyewe. Mimi nilibahatika. Mama mmoja wa genge alitoa kanga, vijana wakaleta ubao, mguu ukafungwa kwenye ubao huo juu na chini ya palipovunjika, nikalazwa kwenye guta. Mama mwingine alikuja mbio na majivu ya kunyamazisha damu, akazuiwa kwa upole. Kidonda cha namna hiyo kisiwekwe majivu, ugoro, dawa ya meno wala petroli. Kitambaa safi kinatosha, kikandamizwe kama damu inatoka.

Ngozi ikichanika juu ya palipovunjika, hata kwa tundu la punje ya maharage, madaktari wanahesabu kwamba mfupa uko wazi. Tangu 1976 wanatumia madaraja ya Gustilo na Anderson: daraja la kwanza ni kidonda kisichofika sentimita moja, la tatu ni nyama iliyosagika. Kwa madaraja yote jambo la haraka ni sindano ya antibayotiki, ikiwezekana ndani ya saa moja, pamoja na kinga ya pepopunda. Kisha mgonjwa anaingizwa chumba cha upasuaji, kidonda kinaoshwa kwa maji mengi na nyama iliyokufa inakatwa. Vijidudu vikishatulia ndani ya mfupa ni kazi kubwa sana kuving'oa.

Fomu ya polisi, PF3, inatakiwa, na baadaye bila hiyo madai ya bima yatakwama. Lakini ndugu mmoja aifuate kituoni, mwingine aondoke na mgonjwa. Iwe mnateremka kwenda hospitali ya Sekou Toure au mnapanda kilima cha hospitali ya Bugando, mgonjwa atangulie, karatasi imfuate.

Ndani ya mguu kunatokea nini

Mfupa ukivunjika unavuja damu, na damu hiyo inaganda katikati ya ncha mbili. Bonge hilo ndilo shamba ambamo mfupa mpya utaota. Ndani ya siku chache seli za kusafisha zinafika, mishipa midogo ya damu inachipua kuelekea humo, na ifikapo wiki ya pili au ya tatu bonge limeanza kuwa gegedu, kitu kama kile cha sikio: kimeshika, lakini kinapinda. Kisha madini ya kalsiamu yanaingia polepole na gegedu linageuka mfupa mchanga, mnene, usio na mpangilio, kama kifundo cha mua kuzunguka palipovunjika. Hapo ndipo eksirei huanza kuonyesha wingu jeupe. Kwa mtu mzima muundi mara nyingi huchukua miezi minne hadi sita kufikia mfupa wa kubeba mwili, na uliotoka nje huweza kupita hapo. Baadaye mwili unaanza kuchonga kile kifundo, unapunguza pasipo na kazi na kuongeza penye kazi, na kazi hiyo inaendelea kwa miaka. Ngozi ikichanika inaacha kovu. Mfupa unapona kwa mfupa, na mimi hili bado linanishangaza kila nikiugusa ugoko wangu.

Kwa hiyo wiki ya sita nilikuwa "nimeunga" kwa gegedu. Wiki ya 12 nilikuwa nimeunga upande mmoja na nusu. Daktari hutazama picha mbili, ya mbele na ya ubavuni, akahesabu kingo nne za mfupa. Tatu zikiwa zimevukwa na mfupa mpya, na mgonjwa akikanyaga haumii palepale palipovunjika, ndipo anasema umeunga.

Na chuma? Pita kwenye jengo lolote la ghorofa linalojengwa Nyegezi utaona mirunda imesimamishwa chini ya zege. Mirunda haigandishi zege. Inalishikilia mahali pake mpaka ligande lenyewe. Chuma ndani ya mguu ni mrunda, na kama mrunda, hakikuwekwa kibebe mzigo milele. Kila hatua inakikunja kidogo, kiasi kisichoonekana, maelfu ya mara kwa siku. Mfupa ukiunga kwa wakati, unaupokea mzigo na chuma kinapumzika. Usipounga, chuma kinachoka na kuvunjika, hata kiwe kinene namna gani. Mgonjwa akisikia "chuma chako kimekatika" hudhani aliwekewa kibovu. Mara nyingi kilichoshindwa kwanza ni mfupa.

Namna za kushikilia ziko kadhaa. Hogo, ile plasta ngumu, linashika kwa nje. Bamba na skrubu hufungwa ubavuni mwa mfupa. Vyuma vya nje, ambavyo wagonjwa huviita antena, huwekwa hasa kidonda kinapokuwa kichafu, ili mfupa utulie huku kidonda kikioshwa. Kisha kuna chuma kirefu kinachopitishwa katikati ya mfupa, kwenye uwazi wa uboho. Hicho kilianzishwa na daktari Mjerumani Gerhard Küntscher, mjini Kiel, mwaka 1939, enzi ambazo aliyevunjika paja alilala wiki hata wiki mguu ukivutwa kwa mawe. Kuvutwa huko bado kupo, na si matibabu ya kudharau, ila kunamfunga mtu kitandani.

Ugumu wa chuma cha katikati uko kwenye skrubu zake. Zinatakiwa zipite kwenye matundu yaliyo ndani ya mfupa, mahali macho hayafiki, na kawaida daktari anahitaji mashine ghali inayoonyesha eksirei moja kwa moja wakati wa upasuaji. Daktari Mmarekani Lewis Zirkle, aliyewahi kuhudumu Vietnam wakati wa vita, alianzisha mwaka 1999 shirika la SIGN huko Richland, jimbo la Washington, kutengeneza vyuma vinavyolengwa kwa kifaa cha mkono badala ya mashine hiyo. Vinatumika katika nchi nyingi za kipato kidogo, Tanzania ikiwemo. Kijana wa Sengerema anayerudi nyumbani kwa magongo badala ya kulala miezi miwili anafaidi fikra hiyo, hata kama hajawahi kusikia jina la aliyeibuni.

Watu waliniambia chuma kitaingia kutu, na kwamba mvua za huku ziwani zikija nisikae nje kitavuta radi. Chuma cha upasuaji hakishiki kutu mwilini, na radi haikifuati. Wala si lazima kitolewe. Kisiposumbua, wengi hubaki nacho maisha yao yote.

Kilo ishirini

Sasa nifike kwenye jambo ambalo laiti ningelijua mapema. Mfupa unajengwa kwa kubebeshwa. Julius Wolff wa Berlin aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujipanga kufuata mzigo unaouelemea, na kanuni hiyo inafanya kazi kwenye mguu uliovunjika pia. Mfupa ukicheza mno, gegedu linachanika kila linapojaribu kushika. Usipobebeshwa kitu kabisa, mfupa unalegea, misuli inanyauka, na damu inatembea taratibu. Uponaji upo katikati, na hiyo katikati inasogea kila wiki.

Ndiyo maana ruhusa za kukanyaga zinatofautiana. Muundi uliokatika sehemu moja, ukapitishwa chuma cha katikati, mara nyingi huruhusiwa kukanyagiwa mapema sana, hata siku chache baada ya upasuaji. Uliosagika vipande, au uliovunjika ndani ya goti au kifundo, huweza kusubiri wiki 6 hadi 12. Kitanda cha pili kutoka kwangu alilala kijana wa Magu aliyeanza kukanyaga wiki ya pili. Mimi, niliyevunjika vibaya zaidi, nilimwonea wivu na nusura nimfuate. Ruhusa ya jirani si yako.

Wiki ya nane nilipewa ruhusa ya kilo 20. Nilimuuliza dada wa mazoezi tiba, kilo 20 mguuni zinafananaje? Hakunieleza. Aliweka mizani ya kawaida sakafuni, kando yake akaweka ubao wenye kimo kilekile. Mguu mzima kwenye ubao, mguu mgonjwa kwenye mizani, mikono kwenye magongo. "Bonyeza, mwalimu." Nikabonyeza kwa woga wangu wote. Sita. "Ongeza." Kumi na moja, na jasho likinitoka. "Ongeza." Nilifumba macho nikasukuma, nikafumbua: 34. Akacheka kidogo, akarudisha mshale kwenye sifuri. Tulirudia mpaka mguu wenyewe ukazikariri kilo 20, nikaweza kuzifikia bila kutazama chini. Nyumbani sina mizani, kwa hiyo kila Jumamosi nilimlipa kijana wa mizani wa stendi, nikabonyeza mbele ya watu.

Nyumba yetu iko mlimani, kati ya yale majabali ambayo wageni huyapiga picha. Kutoka barabarani mpaka mlangoni kuna ngazi 43, nyingine za saruji, nyingine jiwe tupu. Kanuni aliyonifundisha dada yule ni fupi: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, magongo na mguu mgonjwa vitangulie. Mguu mzima ndio wenye nguvu ya kuuinua mwili na ya kuuteremsha taratibu. Wiki za mwanzo nilishuka kwa makalio, ngazi moja moja, mwanangu akinibebea magongo. Sioni aibu kuwashauri wengine wafanye hivyo. Jiwe lenye umande la Mwanza linateleza kama samaki.

Kuna kosa moja lililonigharimu. Niliporuhusiwa kutoka hospitali nilipewa vidonge na tarehe ya kurudi, na hakuna aliyenitajia kifundo. Nyumbani nikalala vidole vya mguu vimeelekea chini, mto mzito umewekwa chini ya goti kwa sababu ndivyo ulivyoumia kidogo. Mto chini ya goti hulikakamaza goti likiwa limekunjwa. Vidole vikielekea chini wiki sita, kano ya kisigino inafupika na kifundo kinakakamaa. Kama upo siku za mwanzo, na daktari hajakukataza, mto uwekwe chini ya muundi mpaka kisiginoni, goti linyooke. Chukua kanga, ipitishe chini ya unyayo kama kamba, uvute vidole vije kwako, ushikilie ukihesabu mpaka thelathini, mara nyingi kwa siku. Chezesha kifundo juu na chini kila saa. Hilo linasukuma damu pia, kwa maana damu iliyotuama kwenye mguu usiotembea huweza kuganda ndani ya mshipa. Uvimbe wa jioni unaopungua ukiinua mguu ni wa kawaida kwa miezi. Shavu la mguu likivimba ghafla, likawa la moto na kuuma, au pumzi ikakata na kifua kuchoma, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Waganga, supu na hesabu

Kanda yetu ina waganga wengi wa kuunga mifupa, na sitawatukana. Wanapatikana usiku, wanaaminika kijijini, wanakaa na mgonjwa na kumtia moyo kuliko hospitali nyingi. Mvunjiko mdogo uliofunikwa, usiosogea, ungepona hata kwa kutulizwa kwa vijiti, na ndio unaotolewa ushuhuda. Hatari ziko mbili. Ya kwanza ni kukanda mvunjiko mbichi au kupaka dawa kwenye mfupa ulio wazi. Ya pili ni vijiti vinavyokazwa sana. Misuli ya muundi imefungwa ndani ya vifuko visivyotanuka. Ikivimba huku imebanwa kwa nje, mgandamizo unazuia damu kuingia, na ndani ya saa chache, sita hivi, misuli inaanza kufa. Dalili yake ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, yasiyosikia dawa, yanayomfanya mtu apige kelele akikunjuliwa vidole vya mguu, kisha ganzi hufuata. Hogo la hospitali linaweza kufanya vilevile. Ukiona hivyo, chochote kilichobana mguu kifunguliwe au kikatwe, usiku uleule, bila kusubiri ahadi ya "kesho itatulia". Mguu niliousema mwanzoni uliondoka hivyo.

Chakula ni mada ambayo kila jirani ni bingwa. Niliagiziwa supu ya makongoro mpaka nikaichoka. Haina ubaya, inashibisha na inampa mgonjwa raha, ila haina uchawi wa kuunga, na kalsiamu yake ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mwili unaojenga mfupa unataka protini nyingi, kalsiamu, vitamini D ya jua, na vitamini C ya matunda. Kwetu jibu lake liko soko la Mwaloni, Kirumba: dagaa. Ukimla mzima, na mifupa yake, umekula protini na kalsiamu kwa pamoja, kwa bei ambayo familia yenye mgonjwa inaiweza. Maziwa ya mgando, maharage, mayai, mchicha. Michembe, yale makavu ya viazi vitamu, ni mitamu lakini peke yake haijengi. Na sigara iachwe kabisa. Inabana mishipa midogo, ileile inayochipua kwenye bonge la damu, na wavutaji wako kwenye hatari zaidi ya kuchelewa kuunga au kutounga. Mwenye kisukari ashike sukari yake kwa bidii, kwa sababu hiyohiyo ya damu.

Mfupa ukifika miezi tisa haujaunga, na miezi mitatu ya mwisho picha hazibadiliki, madaktari wanauita mfupa ulioshindwa kuunga. Usikae nyumbani kuusubiri. Huenda unacheza mno, huenda damu haifiki, huenda kuna vijidudu. Kidonda kinachotoa usaha, kikafunga, kikafumuka tena, kinasema kuna kipande cha mfupa kilichokufa ndani, na hakuna vidonge vitakavyokimaliza mpaka kitolewe. Hata pengo linalobaki lina dawa. Gavriil Ilizarov, daktari wa Kurgan huko Siberia, aligundua katika miaka ya 1950 kwamba mfupa ukikatwa na kuvutwa milimita moja kwa siku, mwili unajaza mfupa mpya nyuma yake. Ni safari ndefu na ya maumivu. Lakini ipo, na mtu aijue kabla hajakubali kwamba mguu wake umekwisha.

Linaloharibu miguu mingi ya madereva wa bodaboda, kwa nilivyoona, ni hesabu. Tajiri mwenye pikipiki anataka pesa yake ya siku, watoto wanataka ada, na kijana wa wiki ya kumi anapanda pikipiki kwa sababu "chuma kipo". Mguu wa kulia ndio wenye breki ya nyuma, wa kushoto ndio wenye gia. Asiyeweza kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde kumi bila kuyumba hawezi kufunga breki ya dharura, na abiria wake hajui. Sheria inataka kila chombo cha moto barabarani kiwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu, na majeruhi wengi, abiria na waenda kwa miguu, hawadai kwa kutojua kwamba wana haki ya kudai. Muulizeni askari aliyepima ajali namba ya bima ya chombo kilichowagonga, na mtunze kila risiti.

Cha mwisho kunirudia kilikuwa kuchuchumaa. Nilikuwa natembea bila gongo, napanda zile ngazi 43 bila kupumzika, nafundisha vipindi vyote, lakini chooni bado nilitumia kiti cha mbao alichonitobolea fundi wa mtaani. Kuchuchumaa kunataka kifundo kikunje mpaka goti lipite mbele ya vidole huku kisigino kimekaa chini, na kifundo changu kilikuwa bado kinalipa wiki zile sita. Kila usiku nilishika nguzo ya kitanda, nikashuka kadiri kilivyokubali. Kisigino cha kulia kiliinuka, nikaweka kitabu chini yake, kisha kitabu chembamba zaidi, kisha daftari la mwanafunzi. Mwezi wa kumi na moja daftari nikaliacha mezani. Nilishuka mpaka chini, visigino vyote viwili vikagusa sakafu, nikahesabu mpaka kumi, nikasimama nikiwa nimeshika nguzo kwa vidole viwili tu.